Kichwa Kizito, Baruti ya Kiasi: Mafunzo Niliyopata kwa Bunduki za Zamani

Pemba si nchi ya bunduki kubwa. Mlio tuliouzoea sisi watoto wa Wete ulikuwa wa bunduki ya marisau, mtu akiwinda popo jioni wanapotoka mitini. Popo wa Pemba walikaribia kwisha kwa mchezo huo kabla vijiji kama Kidike havijaanza kuwalinda. Bunduki za risasi nzito, zile zinazotupa kipande kinene cha madini, nilizikuta bara, nilipovuka mkondo nikiwa kijana na kuajiriwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Selous.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha ghalani na kambini, nikitunza silaha. Kwanza zilikuwa za serikali. Baadaye nikawa natunza na za wageni waliokuja kuwinda na bunduki za babu zao, au bunduki mpya zilizoundwa kwa mtindo wa kale, pamoja na risasi walizojaza wenyewe kwa mkono huko kwao Ulaya na Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba bunduki ikilia, anayeumia ni mnyama aliyelengwa, si aliyeishika.

Hapa sitoi kipimo cha baruti cha kujazia. Kipimo kinatoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa bunduki ile ile na kichwa kile kile cha risasi. Ninachotoa ni akili ya kukichagua na kukiheshimu. Baada ya miaka yote ile nimebaki na imani moja: bunduki ya zamani ina kiwango chake cha nguvu, na kichwa kizito hufanya kazi yake vizuri kabisa ndani ya kiwango hicho. Atakayevuka mpaka huo hapati faida, na anaweza kupoteza mkono.

1. Ijue bunduki kwanza, baruti baadaye

Ndugu zangu walioko Maskati hunitumia picha za bunduki za Martini wanazozipenda mno na kuzitoa siku za harusi na sherehe. Swali lao huwa moja: "Ami, hii inakula risasi gani?" Nami huwajibu kwa kuwaomba picha nyingine, safari hii ya maandishi yaliyogongwa kwenye chuma.

Martini-Henry iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871. Mtutu wake una upana wa milimita 11.4, na risasi yake ya kijeshi ilikuwa na kichwa cha gramu 31 kikisukumwa na gramu 5 na nusu za baruti nyeusi. Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha hadi mwaka 1912, ilipojengwa bohari ya serikali ya kuzidhibiti. Bunduki nyingi zilipita pale kuelekea mipaka ya Afghanistan, na mafundi wa huko wakajifunza kuziiga hata mihuri. Kwa hiyo, Martini mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa moja ya chuma kilichopimwa kiwandani na nyingine ya chuma ambacho asili yake haijulikani.

Bunduki za Uingereza zina msaada mkubwa kwa anayejua kusoma. Fungua mtutu, ugeuze chini. Utakuta mihuri ya nyumba za kupimia bunduki za London au Birmingham, na kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili za mwanzoni mwa karne ya 20 imegongwa aina ya baruti, uzito wa juu kabisa wa baruti hiyo na uzito wa kichwa cha risasi. Huo ndio mkataba wa bunduki na mwenyewe. Pasipo na muhuri unaosomeka, na fundi aliyesomea hajaipima, bunduki hiyo itundikwe ukutani.

2. Baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi hazibadilishani

Mwaka 1881, Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza London alipouawa katika maji ya Pemba akikagua jahazi la watumwa, karibu bunduki zote za dunia zilikuwa bado zinatumia baruti nyeusi: chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar, lililoundwa mwaka 1877 chini ya Lloyd Mathews, lilikuwa na bunduki za Snider zenye mtutu wa karibu milimita 15, za baruti hiyo hiyo. Mageuzi yalikuja mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel. Waingereza wakafuata mwaka 1889 na kodaiti.

Baruti mpya, kwa uzito ule ule, ina nguvu takriban mara tatu ya ile nyeusi. Hapo ndipo watu wanapoangamia. Ganda la zamani lilipimwa ili lijae baruti nyeusi hadi juu. Ukilijaza baruti mpya hadi juu, umetengeneza bomu. Ghalani kwetu yaliletwa magobore yaliyokamatwa kwa majangili, na baadhi yake mitutu ilikuwa imefunguka ubavuni kama ganda la ndizi. Mtu alitoboa risasi ya bunduki ya kisasa, akamimina baruti yake katika gobore aliloachiwa na babu yake, akidhani baruti ni baruti. Chuma cha gobore hakikuwahi kuundwa kwa ajili ya presha ile.

Zipo bunduki za kale zilizopimwa tena na kupewa risasi nyepesi maalumu za baruti mpya, na bunduki nyingi mpya za mtindo wa zamani zimeundwa kwa chuma bora zaidi. Hizo zina vitabu vyake. Tofauti kati ya hizo na bunduki za baruti nyeusi pekee hujulikana kwa maandishi na vipimo, haijulikani kwa kuitazama.

3. Risasi iliyolowa haina dhamana

Simama Wete utazame magharibi: ng'ambo ya mkondo ni pwani ya Tanga. Novemba 1914 Waingereza waliposhambulia Tanga, askari wengi wa Wajerumani walishika Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, ikitupa kichwa cha gramu 25 kwa baruti nyeusi. Ilipiga kwa nguvu, lakini kila mlio uliinua wingu jeupe lililomwonesha adui mpigaji alipo. Kwa sababu hiyo Wajerumani walitamani sana bunduki mpya.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojigeuza ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaikuta na kuipiga. Shehena nyingi iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, na watu wakakaa kuzifungua moja moja, kukausha baruti na kuzifunga upya. Jeshi lile halikuwa na njia nyingine.

Sisi tunayo. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na baruti huuhisi kama karafuu zinavyouhisi: karafuu iliyokauka sawasawa hukatika kwa sauti ukiivunja, na ile iliyofungwa na unyevu huchacha ndani ya gunia bila mtu kujua mpaka siku ya kupimwa. Baruti iliyonyonya unyevu huungua polepole na kwa kubahatisha, na kichwa kizito kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Risasi ya pili ikifyatuliwa nyuma ya kilichokwama, mtutu unapasuka. Nilipokuwa ghalani sanduku lolote lililoingia maji liliandikwa, likatengwa na kurudishwa kwa wahusika kuteketezwa. Na mlio ukitoka dhaifu kuliko kawaida, hatua ya kwanza ni kufungua bunduki na kuchungulia mtutu kwenye mwanga.

4. Kichwa kizito hakipendi kuharakishwa

Kichwa chepesi huondoka haraka na kuipisha hewa moto ya baruti. Kichwa kizito hukawia kuondoka, na muda huo mfupi ndio unaoamua. Ukitumia baruti inayoungua kwa kasi mno, presha hupanda kabla kichwa hakijasogea, na yote huangukia chemba. Ukitumia inayoungua taratibu mno kwa bunduki ya presha ndogo, haimalizi kuungua: punje mbichi hubaki mtutuni na kasi hupanda na kushuka kila risasi. Kinachotakiwa ni baruti ya wastani, inayojaza sehemu kubwa ya ganda na kumaliza kazi yake wakati kichwa bado kimo ndani ya mtutu.

Kasi yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Bunduki ya .450 ya fundi bunduki John Rigby ya mwaka 1898 ilitupa kichwa cha gramu 31 kwa takriban mita 655 kwa sekunde. Nyingi zilizofuata, .470 na wenzake, zilikaa karibu na namba hiyo hiyo. Bunduki ya .404, iliyokuwa chombo cha kazi cha idara ya wanyamapori tangu enzi ya Tanganyika, ilitupa gramu 26 kwa mita 650 hivi. Tembo na nyati wameangushwa kwa kasi hiyo kwa zaidi ya karne moja, kwa sababu kichwa kizito chenye umbo zuri huendelea kupenya kwa uzito wake.

Wageni vijana waliniuliza mara nyingi kwa nini wasiongeze mita 50 tu. Niliwajibu kwamba mnyama hataziona mita hizo, ila bega lako na chuma cha bunduki vitaziona.

5. Nafasi tupu ndani ya ganda ina hatari yake

Maganda ya baruti nyeusi ni makubwa. Ukiyatia kiasi kidogo cha baruti mpya, nusu ya ganda hubaki tupu, na baruti huzunguka humo: bunduki ikielekezwa chini inakimbilia mbele, ikiinuliwa inarudi nyuma karibu na fataki. Fataki ikiwaka, mara inaikuta baruti, mara inairukia kwa juu tu. Risasi moja inatoka dhaifu, inayofuata inatoka kali, na baadhi ya baruti zinazoungua taratibu, zikiwekwa kidogo mno, zimewahi kupasua bunduki. Watu hudhani kupunguza baruti ni usalama siku zote. Si kweli. Kila baruti ina kiwango cha chini pia, na kitabu hukiandika kwa sababu.

Mgeni mmoja mwenye bunduki ya mitutu miwili ya zaidi ya miaka mia alinipa risasi zake nizikague. Nilizitikisa sikioni, kimya. Kwa idhini yake tukafungua moja kwa nyundo ya kutolea vichwa. Kichwa kikatoka, halafu kijitonge cheupe, laini, chenye kung'aa kidogo, kisha baruti ikiwa imelala palepale juu ya fataki. Nilikitambua kwa vidole kabla ya macho: sufi, ile ile ya msufi tunayojazia mito Pemba. Aliiweka ili kuishikilia baruti isitembee.

Njia hiyo inatumiwa na wajuzi kwa bunduki fulani na baruti fulani, na inafanya kazi. Ila ina masharti. Kijazo kisicho sahihi, au kilichoachiwa mwanya kati yake na kichwa, kinaweza kuvimbisha chemba na kuacha pete ndani ya chuma, nayo pete hiyo haitoki. Mgeni yule alikuwa na maandishi ya fundi aliyeipima bunduki ile pamoja na sufi hiyo. Asiye nayo achague baruti nyepesi kwa uzani, yenye ujazo mkubwa, inayojaza ganda bila kijazo.

6. Jua la Afrika nalo linajaza baruti

Kodaiti ilikuwa vijiti vyembamba vya nitrogliserini asilimia 58, nitroselulosi asilimia 37 na mafuta mazito asilimia 5. Ilikuwa baruti ya ajabu kwa nguvu, na ilikuwa kali kwa joto. Risasi iliyopimwa asubuhi ya baridi Uingereza ilikuwa risasi nyingine adhuhuri ya Rufiji: presha ilipanda, ganda likajibana chembani na kukataa kutoka, wakati huo nyati yuko hatua kumi. Viwanda vya Uingereza vilipolijua hilo vikatengeneza risasi maalumu za nchi za joto zenye kodaiti pungufu. Kwa hoja hiyo hiyo Rigby, alipotoa .416 mwaka 1911, aliipa ganda kubwa sana ili presha ikae chini na ganda litoke bila kubishana hata kwenye joto.

Baruti za leo ni bora, na nyingine zimetengenezwa zisijali joto sana, lakini si zote. Kwa hiyo anayejaza risasi huko kwenye theluji ili aje kupigia Tanzania asijaze hadi kikomo cha kitabu. Kambini mimi sikuruhusu risasi iachwe juu ya dashibodi ya gari wala kwenye jiwe lenye jua. Zilikaa kwenye mkoba wa ngozi, kivulini, na bunduki iliyotoka kupiga mfululizo haikuachwa na risasi ndani ya chemba yenye moto.

7. Kubana baruti kupita kiasi

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa .458, bunduki ya bei nafuu kuliko za Kiingereza, ikiahidi kichwa cha gramu 32 kwa kasi ile ile ya .470. Afrika Mashariki yote iliipokea, na idara za wanyamapori zikaitumia kuchukua nafasi ya .404. Tatizo lilikuwa ganda lake fupi, la milimita 63 na nusu, lililofanywa fupi ili liingie kwenye bunduki ya kawaida. Kufikisha nguvu iliyoahidiwa, baruti ilibidi ibanwe kwa nguvu chini ya kichwa.

Baruti iliyobanwa na kukaa miaka ghalani iligandamana. Ikiwaka, iliungua vibaya, kichwa kikatoka na kasi pungufu, na wawindaji wakaanza kuona risasi zisizopenya ilipotarajiwa. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji, alijibu kwa kurefusha ganda, na mwaka 1971 ikazaliwa .458 Lott.

Baadaye viwanda vilirekebisha risasi za .458, na kwa mtu anayekubali kasi ya wastani ni bunduki nzuri. Funzo langu kutoka ghalani ni hili: ukiona kipimo unachokitaka hakiingii ila kwa kusindilia, chombo kinakuambia kimejaa. Ama punguza matarajio, ama badili baruti, ama chukua ganda kubwa zaidi. Na risasi zilizobanwa zitumike mapema, zisirithishwe.

8. Mitutu miwili husikilizana kwa kasi moja

Bunduki ya mitutu miwili ni kazi ya mikono. Mitutu haikuwekwa sambamba. Imeunganishwa ikielekeana kidogo, kwa sababu bunduki ikilia huinuka na kugeukia upande wa mtutu uliolia kabla kichwa hakijatoka. Fundi wa kiwandani alipiga, akatazama karatasi, akayeyusha lehemu ya kuunganishia, akasogeza, akapiga tena, mpaka mtutu wa kulia na wa kushoto ikagonga pamoja. Alifanya hivyo kwa kichwa kimoja na kasi moja.

Ukibadili kasi, umeuvunja mpango wake. Kasi ikipungua, kichwa hukawia mtutuni, bunduki hugeuka zaidi, na risasi za kulia huenda kulia, za kushoto huenda kushoto. Kasi ikizidi, hupishana: ya kulia hugonga kushoto. Hii ndiyo mizani bora niliyopata kuiona, na ni rahisi. Weka karatasi mita 50, egemeza mikono, piga kulia, piga kushoto, acha ipoe, rudia. Bunduki moja ya .470 iliyoletwa kambini ilitoa matundu yaliyoachana upana wa shubiri nzima. Mwenyewe alidhani mitutu imeharibika. Kwa risasi za kiwandani za kiwango cha asili, matundu yakarudi ndani ya upana wa kiganja, na ikajulikana kwamba risasi alizojaza zilikuwa dhaifu kuliko bunduki ilivyozoea.

Kwa hiyo, anayechagua baruti ya bunduki ya namna hii asiongozwe na namba ya kitabuni peke yake. Namba ya kitabuni ndiyo ukuta asiouvuka. Ndani ya ukuta huo, karatasi ndiyo inayosema wapi pa kusimama.

9. Ugumu wa kichwa usizidi wa mtutu

Martini iliundwa kwa kichwa cha madini laini ya risasi kilichofungwa karatasi. Mtutu wake haukukusudiwa vichwa vilivyovikwa chuma kigumu. Bunduki za mitutu miwili za zama za kodaiti zilizoea vichwa vyenye ganda la chuma juu na madini laini ya risasi ndani, vinavyokubali kubonyea kidogo vikipita kwenye mifereji. Vichwa vya leo vya shaba tupu au shaba nyeupe havibonyei. Kwenye mtutu mwembamba wa kale vimewahi kusukuma mifereji mpaka alama zake zikaonekana kwa nje, na wenye bunduki wakalia.

Kabla ya baruti, pima upana wa ndani wa mtutu. Mitutu ya zamani hutofautiana hata ikiwa na jina moja. Kisha chagua kichwa kinachokubaliana nao kwa upana, kwa ugumu na kwa uzito ule ule wa asili.

10. Maji ya moto kwanza, mafuta baadaye

Hili nilikuja nalo kutoka Pemba likathibitishwa bara. Anayeishi kando ya bahari anajua kwamba chumvi haiondolewi na mafuta. Fataki za zamani, na za kijeshi hata za karne ya 20, ziliacha mtutuni chumvi inayofanana na ya mezani, yenye kuvuta maji hewani. Baruti nyeusi nayo huacha masizi mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake. Ukipaka mafuta juu ya hayo, umeifunga kutu ndani.

Tulichemsha maji, tukaondoa kinachoondoka, tukayapitisha mtutuni mpaka chuma kikawa cha moto kiasi cha kukauka chenyewe, tukapitisha kitambaa kikavu, halafu ndipo mafuta. Ilifanywa siku ile ile, haikusubiri asubuhi. Mtutu wenye vidonda vya kutu hushika kichwa kinapopita, presha hubadilika, na kipimo cha baruti kilichokuwa salama mwaka jana hakina tena uhakika mwaka huu.

11. Anza chini, andika kila kitu, usingoje dalili

Anayejaza huanzia kipimo cha chini cha kitabu na kupanda kidogo kidogo, akibadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akinunua kopo jipya la baruti ile ile lakini la toleo jingine, anarudi chini. Daftari langu lilikuwa na namba ya bunduki, jina la baruti na toleo lake, uzito wa kichwa, joto la siku, kasi iliyopimwa na mahali matundu yalipogonga. Daftari hilo lilimaliza mabishano mengi kuliko cheo chochote.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hukosea. Kwa bunduki ya kisasa, watu hutazama fataki iliyobapa au ganda linalogoma kutoka kama onyo la presha. Kwa bunduki ya kale onyo hilo linachelewa. Fataki hubapa kwenye presha kubwa kuliko ile ambayo Martini au bunduki ya baruti nyeusi iliundwa kuibeba. Ukilisubiri onyo, chuma kimeshaumia. Mpaka wa bunduki hizi unapatikana kwenye maandishi na kwenye kasi iliyopimwa kwa mashine. Kasi ikizidi ile ya asili, presha imezidi, hata kama ganda limetoka kwa ulaini.

12. Kibali na fundi ni sehemu ya kipimo

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna urithi unaomwondoa mtu chini ya sheria. Ukikuta bunduki ya marehemu juu ya dari, usiijaribu wala usiifungue ukiwa hujui kama imejaa, waite polisi. Kama ni chombo cha kihistoria, omba utaratibu wa kukihifadhi kikiwa kimezimwa. Risasi za zamani zilizo pamoja nacho zisifungwe kwenye kitambaa na kutiwa kabatini, kwani fataki na baruti zilizozeeka hazitabiriki.

Mafundi walionifunza kusoma mihuri wengi wameshatangulia mbele ya haki, na elimu yao ilikuwa mikononi zaidi kuliko kwenye karatasi. Vijana mnaoshika funguo za maghala leo, Selous na Ruaha, na vyuoni Mweka na Pasiansi, chukueni bunduki kongwe mlizonazo, muandike mihuri yake, upana wa mitutu yake na risasi zilizopigwa vizuri. Mtu akija na risasi alizojaza mwenyewe, mwombeni maandishi kabla hamjamwonesha uwanja wa shabaha. Asiye na maandishi hapigi, hata awe nani.